Tandiko Lililopungua Kwenye Mashine ya Bibi

Mpendwa mshauri Ishbel,

Kabla sijaomba msaada wowote naomba kwanza ujue unaandikiwa na nani, maana sitaki unijibu kama unavyowajibu wale wanaolia kwamba wachumba wao hawapokei simu. Mimi naitwa Struan Geddes, nina miaka kumi na tisa, naezeka mapaa hapa Kinlochleven, na hakuna binadamu katika milima yote ya Uskoti, aliye hai au aliyekwisha kuzikwa, anayeweza kulala porini siku tano na mzigo mwepesi kuliko wangu. Hakuna. Upepo ukivuma kule Rannoch inabidi nijaze mawe mifukoni nisipeperuke. Mswaki wangu nimeukata mpini mpaka napiga mswaki kwa ncha za vidole, kijiko changu kina matundu mengi kuliko chujio, na habari ya nguo zangu za ndani niachie mwenyewe. Shuleni walisema sina kichwa, nikaondoka nikiwa na miaka kumi na sita na hakuna aliyelia, lakini niulize uzito wa kitu chochote kilichomo begini mwangu nitakutajia hata ukiniamsha usingizini. Walimu wangu wangeweza? Hata begi lenyewe wasingeweza kulifunga.

Sasa msaada. Nataka mambo mawili tu, na nataka upesi. La kwanza, niambie tandiko gani la chini, jepesi, linamfaa mtu anayelala chini ya turubai bila hema. La pili, uandike gazetini, tena kwa herufi kubwa wasome wote hadi Fort William, kwamba yaliyompata dada yangu si kosa langu, kwa sababu nimeonewa vya kutosha na nimekasirika mpaka nyundo inanitoka mkononi kazini.

Dada yangu anaitwa Morven, ana miaka ishirini na sita, anafundisha watoto kuogelea, na ndiye aliyenilea pamoja na bibi yetu. Tangu nikiwa na miaka kumi aliniahidi kwamba kiangazi kimoja tutatembea mimi na yeye kutoka Fort William mpaka Cape Wrath, kule nchi inapoishia kwenye mnara wa taa, wiki nzima nzima za kinamasi na mito isiyo na daraja, na tutalala chini ya turubai moja. Ramani ilibandikwa ukutani juu ya kitanda changu mpaka ikapauka. Kiangazi chenyewe ni hiki, Agosti hii, na safari fupi tuliyofanya Mei, ambayo nitakusimulia, ilikuwa ya kujaribu vifaa tu. Na sasa ananiambia Agosti anakwenda na Torquil! Torquil, mshauri! Fundi baiskeli, mrefu kama nguzo ya umeme, anacheka kwa pua, na mguu wake mmoja ukinyooka chini ya turubai mwingine unabaki barabarani.

Uelewe kwa nini Torquil ananiuma. Hapa kwetu, kwenye baa ya Mzee Dougal, kuna mizani ya ndoano ya zamani iliyokuwa ya kupimia kulungu waliowindwa. Ijumaa kabla mtu hajapanda mlimani, anatundika begi lake pale mbele ya watu wote. Chakula na maji havihesabiwi. Vingine vyote vinahesabiwa, na sheria ni kwamba ulichobeba ni chako hata kama anayekilalia ni mwingine. Mwenye begi jepesi kuliko yote jina lake linaandikwa kwa chaki kwenye boriti juu ya kaunta. Jina la Torquil limekaa pale muda mrefu mpaka buibui wamelijengea. Na kila akipita chini yake anainua kichwa akilitazama kama mtu anayetazama picha ya arusi yake.

Sasa mimi ndiye nilikuwa nabeba malazi ya wote wawili, turubai na tandiko, na dada anabeba chakula na jiko la spiriti. Turubai langu sina shaka nalo, ningeliweka juu ya ikulu. Tandiko nililitengeneza mwenyewe kwa kitambaa cha paa, kile cheupe tunachokitandaza chini ya vigae ili mvua isipite, bosi alinipa kipande kilichobaki. Kina nguvu, hakipitishi maji, na bei yake ni kumwambia bosi asante. Kasoro yake moja: kinapiga kelele. Ukijigeuza tu, kraa kraa kraa! Mara ya kwanza tulipokilalia, bustanini kwa bibi, dada alisema, "Struan, umenilaza kwenye pakiti ya krispi?" Basi kwa kumjali yeye, sikiliza hapo, kwa kumjali yeye, nikakifua kwenye mashine ya bibi ili kilainike, kwa maji baridi kama wanavyoshauri wazoefu.

Na kikarudi. Kikawa kidogo, kama sweta. Mimi nifanyeje? Mashine ya bibi ina miaka mingi kuliko mimi, inakula soksi, inatembea jikoni yenyewe kama imeitwa. Tandiko likatoka limepungua upana, lakini kila baya na zuri lake, kwa sababu nilipolipima lilikuwa limeshuka kutoka gramu mia mbili na arobaini hadi mia moja na themanini! Nilicheza jikoni. Ijumaa ile nikatundika begi langu kwenye ndoano ya Mzee Dougal, sindano ikatetemeka, ikasimama, na nikamshinda Torquil kwa uzito usiofika yai la kuku. Baa nzima ilipiga meza. Mzee Dougal alipanda kwenye kiti akafuta buibui na jina pamoja, akaandika STRUAN. Kama ungeiona sura ya Torquil ungenitumia kadi ya pongezi.

Kesho yake tukapanda treni mimi na dada mpaka Corrour, tukashuka, tukatembea kupita ziwa la Loch Ossian mpaka mwisho wa maji na mbele kidogo, nikachagua mahali pazuri, tambarare, pa kijani, laini kama zulia. Usubi wakatula kama kawaida, tukala uji wa oti na soseji, tukacheka. Nikafunga turubai kwenye fimbo zetu za kutembelea, nikatandaza tandiko. Dada akalala, akajinyoosha.

"Struan. Hili tandiko limekuwaje? Bustanini lilitutosha."

"Limerudi, Dada. Mashine ya bibi."

"Limerudi?"

"Si unaijua mashine ile. Shukuru hata kwa hicho kilichobaki."

"Bega langu lote liko nje. Na nyonga."

"Jikunje kidogo basi. Kwani wewe si mwogeleaji? Maji umeanza kuyaogopa lini?"

Akacheka, akanipiga na soksi. "Mtoto mjinga wewe." Alicheka, mshauri! Hiyo uiandike. Alikuwa ameridhika.

Kumbe alfajiri, mwanga umeshaanza, mvua ikaja, si mvua ya kutisha, ni mvua ya kwetu tu, ile ya kawaida ya Jumapili. Turubai halikuvuja hata tone. Mimi nilikuwa mkavu kama biskuti ya shayiri. Mkavu kabisa! Ndiyo sababu nasema tandiko halikuwa na kosa, kwa sababu kama lingekuwa baya si tungelowa wote? Tatizo ni yeye anavyolala, anajigeuzageuza kama samaki. Alinigusa mara moja akasema, "Struan, sogea, huku kuna maji," nami nikamwambia, "Lala, ni umande," kwa sababu ndivyo nilivyodhani, ama ndivyo mtu yeyote anavyodhani akiwa amelala vizuri.

Nilipoamka amekaa. Mfuko wake wa kulalia, ule wa manyoya ya bata aliojinyima mwaka mzima kuununua, umelowa upande mzima, umekuwa bapa kama taulo lililokanyagwa. Akanitazama akaniuliza, "Umefunga mlango wa bwawa? Watoto wasije wakaingia." Nikacheka. Nikadhani ananitania. Akauliza tena vilevile, kwa sauti ileile, na midomo yake haikuwa na rangi. Hapo sikucheka. Nikamvalisha kila nilichokuwa nacho, nikamwekea mfuko wangu mkavu, nikamchemshia chai, nikaimwaga nusu kwenye mikono yangu mwenyewe nikiharakisha kumpa. Tukatembea kurudi stesheni nimemshika mkono kama mtoto wa chekechea. Watu wa pale Corrour wakamkalisha karibu na jiko mpaka treni ilipofika, na yule mama wa pale alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Ningependa kumuuliza yeye ni nani, lakini alikuwa anamlisha dada supu.

Sasa amepona, yuko mzima, anafundisha kuogelea, lakini mimi hanisemeshi. Jumapili kwa bibi alinipitishia bakuli la viazi bila kunitazama, kama mimi ni kabati. Na bibi naye hasikii akiambiwa mashine yake ndiyo yenye makosa, anasema imemfulia miaka yote na haijawahi kumpunguzia kitu. Nikamwambia dada tupange Agosti, akasema, "Nimepanga. Nakwenda na Torquil. Tandiko lake ni zito kuliko lako, ila mabega yangu yote mawili yanaingia." Kesho yake Torquil anapita chini ya paa tulilokuwa tunaezeka, anapiga kengele ya baiskeli, anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Bingwa! Dada yako amekauka?" Nusura nimtupie kigae. Nilikuwa nacho mkononi.

Haya mshauri, amua. Plastiki nyembamba ya madirishani, ile watu wanabandika wakati wa baridi, ni nyepesi kama pumzi lakini wanasema inachanika. Nailoni iliyopakwa silikoni ni nzuri lakini inateleza. Au nikate kitambaa kingine cha paa na nisikifue? Nipe jina la tandiko ambalo halirudi, nimnunulie dada, na uandike kwamba sina kosa, apate kuniamini mimi kuliko yule nguzo.

Ni mimi,
Struan Geddes, Bingwa wa Mizani

*

Struan,

Dada yako mzima, na hilo ndilo jambo pekee katika barua yako lililonifanya nikae chini badala ya kupanda basi nije Kinlochleven nikuvute sikio juu ya paa hukohuko.

Nianze na pole, kwa sababu najua unaogopa. Mtu ambaye mikono yake ilimwaga chai si mtu mbaya. Mtoto aliyelala chini ya ramani moja tangu ana miaka kumi, kisha anaona safari yake inapewa mwingine, lazima aumwe. Nimekuonea huruma. Huruma yenyewe imeishia hapa.

Sikiliza. Nimelala chini ya turubai tangu kabla mama yako hajajua kutembea, na vitambaa vya paa nimevifua vingi kuliko mashati yako. Kitambaa kile hakirudi. Ukikifua kwa maji baridi bila sabuni kinalainika, kinaacha kupiga kelele, kinatoka na upana uleule kilioingia nao. Lakini sikuhitaji hata kujua hivyo kukukamata, maana umejikamata mwenyewe kwa mdomo wako. Sweta ya sufu ikirudi inakuwa ndogo, lakini uzito wake ni uleule, kwa sababu uzi wote bado umo. Wewe tandiko lako limepungua upana na limepungua gramu sitini. Hizo gramu zimekwenda wapi, Struan? Mashine imezinywa? Wewe unayejua uzito wa kila kitu hata usingizini, hukujiuliza? Robo nzima ya tandiko haipotei kwenye maji ya kufulia. Inapotea kwa kisu. Na inapotea kabla ya Ijumaa, siku ambayo begi linatundikwa kwenye ndoano na Torquil anatazama.

Umekata. Tusipotezeane muda. Unamlaumu nani? Mvua, dada yako anavyolala, mama wa Corrour aliyemlisha dada yako supu, na mwanamke mzee ambaye kosa lake ni kukuazima mashine yake. Unataka niandike kwa herufi kubwa. Naandika: BIBI GEDDES HANA KOSA, NA MASHINE YAKE PIA. Hayo ndiyo yatakayosomwa Fort William.

Na hujui ulichokiona asubuhi ile, ndiyo maana unakisimulia ukipitia haraka. Mtu aliyelowa akianza kuulizia milango ya bwawa akiwa katikati ya kinamasi, huyo baridi imeshafika kichwani. Kinachofuata ni kwamba anaacha kutetemeka, na wewe mjinga unadhani amepata nafuu. Nimewahi kusaidia kuwashusha mlimani kwa machela watu walioanza hivyohivyo. Ulifanya vizuri kumpa mfuko wako mkavu na kumrudisha. Hilo nakusifu kwa moyo wote. Lakini alikuambia "sogea, huku kuna maji," na wewe ukamwambia ni umande. Hilo nalo ni lako, hukulipata kwenye mashine.

Sasa tandiko, maana uliuliza na mimi silipwi kwa kugomba tu.

Kila mtu awe na lake. Matandiko mawili membamba ni bora kuliko moja la kugombania, na kila mmoja akibeba la kwake hakuna atakayepata sababu ya kulipunguza la mwenzake. Upana wake: lala chali juu yake, mikono ubavuni, jigeuze mara moja kulia na mara moja kushoto. Ukitoka nje, ni dogo. Lakini lisitokeze nje ya turubai hata upana wa kiganja, kwa sababu ukingo uliotokeza unapokea maji yanayodondoka kutoka juu na kuyaleta chini yako, na hapo umejitengenezea beseni.

Plastiki ya madirishani ni nyepesi kweli na inafaa kwenye nyasi na mchanga. Kwenye mizizi na vichaka vyetu itakufa mapema, kwa hiyo kwa Cape Wrath sahau. Nailoni ya silikoni ni nzuri, hudumu, ila kwenye mteremko utaamka miguu ikiwa mtoni. Ukiinunua, ipake matone ya silikoni upande wa juu, mkeka wako wa sponji, ule unaoweka juu yake, upate pa kushika. Kwa safari ndefu yenye kinamasi ningechukua kitambaa cha paa kilekile, kizima, kilichofuliwa bila sabuni. Sabuni ndiyo inayokiharibu, ikibaki humo maji yanapita. Kijaribu kabla ya kuondoka: kitandaze kwenye nyasi zilizolowa, kipigie magoti, hesabu polepole hadi mia. Magoti yakilowa, kitupe.

Na lile zulia la kijani ulilolichagua, tambarare na laini! Umezaliwa Lochaber, nchi ya vinamasi, Struan. Kijani kile ni ukoga wa majini, chini yake ni dimbwi. Ungelala juu ya kilima kidogo chenye vichaka vikavu, vinachoma mgongo lakini maji yanakimbilia kwa jirani. Ungemuuliza hata mtoto wa darasa la kwanza angekuambia. Wewe ulikuwa unafikiria chaki ya Mzee Dougal.

Haya, fanya hivi, na kwa mpangilio huu. Kwanza nenda kwa Mzee Dougal ukafute jina lako mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya watu. Usimwombe mtu akufutie. Kisha nenda kwa bibi yako, umwombe msamaha kwa ajili ya mashine. Mwisho nenda kwa Morven. Usiende na tandiko jipya mkononi, atadhani umekuja kununua. Nenda mikono mitupu, umwambie umelikata, lini, na kwa nini. Usimwambie habari za Agosti. Akitaka kukurudisha safarini atasema mwenyewe, na akienda na Torquil wewe utawasindikiza mpaka Fort William na utawabebea mabegi, na hutasema neno lolote kuhusu uzito wake.

Ishbel

*

Mshauri Ishbel,

Umenitukana gazetini na wenzangu kazini wamebandika maneno yako kwenye kopo la chai, kwa hiyo asante sana. Bosi wangu anayasoma kwa sauti kila saa nne, na akifika pale pa sikio ananitazama.

Hata hivyo, uandike na hili: mimi bado ndiye mwepesi kuliko wote. Nimefuta jina, sawa, nimepanda kwenye kiti mwenyewe, Torquil akashika kiti kisiyumbe na wala hakucheka kwa pua, jambo ambalo liliniudhi zaidi kuliko angecheka. Bibi nimemwomba msamaha, akanipa soksi zangu tatu zilizokuwa nyuma ya mashine. Kitambaa kipya nimekipigia magoti bustanini mpaka jirani akaniuliza nimeanza lini kusali.

Kwa Morven nimekwenda. Mikono mitupu kama ulivyosema. Nikamwambia nililikata chooni kwa Mzee Dougal kwa kisu cha kazi, Ijumaa ileile, begi la Torquil likiwa tayari kwenye ndoano, kwa sababu nilichungulia sindano nikaona ananishinda. Alikuwa anakunja mataulo ya watoto. Hakuacha kukunja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu Loch Ossian. Kitu kilichorudi kinajikunja ukingo, Struan. Ule ulikuwa umenyooka kama rula. Wewe ukikata unakata vizuri, unalo hilo."

"Sasa mbona ulicheka?"

"Nilidhani utaniambia asubuhi." Akaweka taulo juu ya mengine. "Kuna lingine?"

Nikasema hakuna.

"Haya," akasema, na akachukua taulo jingine, na nikajua kwamba hilo nalo alikuwa analijua, na kwamba Agosti haikunitoka mikononi kwa sababu ya Torquil, ilinitoka pale pale, niliposema hakuna. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nimelipiga teke pipa la taka, nimemtukana Torquil, wewe, na mvua. Sikuweza kurudi kumwambia. Mdomo huu unaojua kusema yote ulikataa.

Lakini yeye husoma safu yako kila Jumamosi kwenye mapumziko, miguu ikiwa majini, najua. Basi nakuomba usikate hata neno, uyachapishe kama yalivyo, na usijibu chochote, kwa sababu haya hayakuhusu wewe.

Dada Morven. Unakumbuka upande wangu wa tandiko niliuwekea utepe mwekundu pembeni, ili usiku nijue nilalie wapi. Chooni kwa Mzee Dougal nililitundika mlangoni, likakunjuka lote, utepe ulikuwa kushoto na kisu kilikuwa kulia. Sikukosea. Hakukuwa na giza. Pande zilikuwa mbili, nilizitazama zote mbili, nikakata wako.